Ukuta wa Kusini Magharibi

Mhandisi Junejo alifika nyumbani kwa akina Abro siku ya nne baada ya mazishi, saa tatu asubuhi, na boksi la halua mkononi. Halua hupelekwa kwenye posa, au kwa mtoto aliyefaulu mtihani. Kuipeleka kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba amesimamishwa kazi kwa sababu mwanafunzi amefia chini ya usimamizi wake kunataka uso mkavu, lakini Junejo alikuwa mtu wa serikali, na watu wa serikali hawaendi kwa mtu mikono mitupu wanapotaka kitu. Sikandar Abro aliipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaiweka juu ya kabati, na hakuna aliyeifungua mpaka sisimizi walipoikuta.

Alichotaka Junejo kilikuwa karatasi moja. Ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi na muhuri tu. Ilisema kwamba msanifu wa jengo, yaani Sikandar, ameukagua upya ukumbi wa mitihani wa shule ya wasichana, na kwamba jengo ni salama na linafaa kwa kazi yake. Mitihani iliyosimamishwa ingeendelea Jumatatu. Kumbi nyingine tatu za mchoro huo huo zilikuwa zinamaliziwa huko Kotri, Matiari na Tando Allahyar, na wakandarasi walikuwa wanapiga simu kila siku kuuliza kama waendelee.

"Ni karatasi ya kawaida tu, Sain," alisema Junejo, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, huku akipuliza chai yake. "Mwenyewe unajua lile jengo halina ufa hata mmoja."

Ni kweli, ufa haukuwepo. Sikandar aliuliza kamati itakayomhoji mkewe Jumamosi itaamua nini. Junejo akatazama kikombe chake, akasema kamati itaangalia vitu viwili tu, jengo na mtu. Jengo likiwa salama, basi kosa ni la mtu. Alilisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa jinsi ya kunywa dawa. Akaongeza kwamba Bibi Bakhtawar ana miaka kumi na tisa kazini, hawatamfukuza, pengine watamhamisha na kumkata mshahara kidogo, na mambo yataisha.

Upande wa pili wa sebule, kwenye kitanda cha kamba, alikuwa amelala mzee Allahdino, baba yake Sikandar. Alikuwa mwashi tangu ana miaka kumi na minne, na dohani ya upepo iliyokuwa juu ya kichwa chake aliijenga mwenyewe. Ilitoka nje ya paa, mdomo wake ukielekea kusini magharibi, ikimeza upepo unaotoka upande wa bahari na kuushusha mpaka chumbani. Zamani karibu kila nyumba ya Hyderabad ilikuwa na yake. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa usingizini.

"Mwanangu," alisema, "hebu muulize mgeni wako kama anatoka jasho hapo alipokaa."

Junejo akacheka, akasema hapana mzee, hapa kuna raha kabisa.

"Umeme umekatika tangu saa mbili," mzee akasema, akageukia ukutani.

* * *

Habari ya mchoro ule ni fupi na ya aibu, na heri niimalize mara moja.

Siku za mitihani ya bodi, kila mtu anajua, kaka na wajomba hukwea kuta za shule na kurusha vikaratasi vya majibu vilivyofungwa kwenye mawe. Kila mwaka picha zao hutoka magazetini na kila mwaka wakubwa huona haya. Basi wakubwa wakaagiza ukumbi ambao hata karatasi moja haiwezi kuingia. Mchoro wa kwanza wa Sikandar ulikuwa na matundu marefu chini ya dari kwenye ukuta wa kusini magharibi, na dohani mbili za upepo juu ya paa. Kwenye kikao Junejo aliweka kidole juu ya ukuta huo, akasema nyuma yake kuna kichochoro, na kila tundu litakuwa mlango wa vikaratasi. Alipofika kwenye dohani akasema mjomba mmoja atapanda paani na kuwashushia wasichana majibu kwa uzi, kama anayechota maji kisimani. Mezani wote wakacheka. Sikandar akacheka nao.

Mimi nasema alipokosea ni hapo, pale alipocheka. Kufuta kulikuja baadaye na kulikuwa rahisi. Alikuwa amekaa miaka mitatu akiwachorea majirani ngazi na vibaraza, na hii ilikuwa kazi ya shule nne. Aliuziba ukuta, akaondoa dohani, akaweka vioo visivyofunguka upande wa pili, feni nane, na pembeni mwa mchoro akaandika neno moja, jenereta. Baba yake alimuuliza jioni hiyo umeme ukikatika watoto watapumua nini, naye akamwonyesha neno lile. Jenereta haijanunuliwa mpaka leo.

* * *

Bakhtawar alirudi nyumbani saa sita mchana, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametoka kuhani kwa mama yake Afshan, msichana aliyekufa, na alikwenda peke yake kwa sababu mumewe alisema ana kazi. Alivua ushungi, akaosha uso, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda cha mkwewe, na ndipo akaeleza.

Alipoingia hakuna aliyesogea kumpisha. Wanawake walikuwa wamekaa goti kwa goti na nafasi ilikuwepo, lakini kila mmoja alitanua magoti yake kidogo. Bibi mmoja akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu ndiye yule wa ufunguo. Akakaa mlangoni, kwenye viatu vya watu, mpaka kisomo kilipokwisha. Watu walipitishiwa maji, na bilauri zikamruka.

"Nilishukuru," alisema. "Ningepewa nisingeweza kuyameza."

Sikandar alimwonyesha karatasi ya Junejo. Alikuwa ameifikiria asubuhi nzima na alikuwa na mpango. Asipotia sahihi, alisema, wataleta msanifu mwingine aitie, na wao wawili watakuwa wameharibikiwa bure. Akitia, Junejo atakuwa na deni la wema kwake, na anaweza kumwomba amsemee Bakhtawar kwa mwenyekiti, ahamishwe karibu, pengine asikatwe kitu.

Bakhtawar aliisoma mara mbili. Ni mwalimu, husoma kila kitu mara mbili.

"Kwa hiyo unataka kuninunulia uhamisho, Baba Mehtab."

"Nataka kukusaidia."

"Mlango niliufunga mimi," alisema. "Umeme ulikatika saa nne. Saa nne na nusu niligonga, nikamwambia bwana wa ukaguzi aliyekuwa nje kwamba wasichana wanazidiwa, akasema mtihani uishe kwanza, atakayefungua ataandikiwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mfukoni, umenielewa? Afshan aliomba maji mara mbili. Mara ya pili nilimwambia avumilie, limebaki swali moja. Saa tano na nusu akaanguka ndipo nikafungua. Hilo nitalijibu mimi, hapa na mbele ya Mungu, na sitaki mtu anipunguzie."

Akamrudishia karatasi.

"Lakini ukuta sikuujenga mimi. Usinibebeshe ukuta."

Mzee Allahdino alinyoosha mkono kutoka kitandani akamshika mkwewe kichwani. Sikandar alikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema kesho atakwenda kuukagua ukumbi, kwa kuwa karatasi inasema ameukagua.

* * *

Mlinzi wa shule, mzee Jumman, alishangaa kumwona. Alishangaa zaidi Sikandar alipomwomba azime swichi kuu ya umeme, amfungie ndani ya ukumbi, na asimfungulie mpaka saa moja na nusu ipite. Ilikuwa saa nne asubuhi na kipimajoto cha mlangoni kilishafika digrii arobaini na nne.

"Unapima nini, Sain?"

"Jengo," alisema Sikandar.

Madawati yalikuwa bado yamepangwa kama siku ile, na namba zimeandikwa kwa chaki. Alikaa safu ya tano, upande wa ukuta. Mwanzoni alifanya kama fundi: alitazama dari, akapiga hesabu ya unene wa zege, akakumbuka kwamba alikusudia kuweka tabaka la udongo juu yake na mkandarasi akaliondoa, naye akaidhinisha. Baada ya robo saa shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Baada ya nusu saa aliacha kupiga hesabu. Kioo kilikuwa kinaingiza jua moja kwa moja mezani, na mbao za dawati zilikuwa za moto kama pasi. Akageuka kuutazama ukuta wa kusini magharibi. Nyuma yake, kwenye kichochoro, aliweza kuusikia upepo ukiburuta mifuko ya plastiki. Ulikuwa unavuma vizuri kabisa siku hiyo. Ulikuwa umbali wa tofali moja.

Alikusudia kukaa saa moja na nusu. Dakika ya arobaini na tano aliinuka, akayumba, akaenda kugonga mlango. Kimya. Akagonga tena kwa kiganja, kisha kwa ngumi mbili, akaita jina la Jumman kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Jumman alikuwa ameenda kutawadha. Alipokuja kufungua, Sikandar alipita kando yake, akakaa chini kwenye kivuli cha mwarobaini, akatapika.

Mzee wa watu alimletea maji kwenye birika, akammwagia kichwani kama anayemuogesha mtoto. Akasubiri mpaka pumzi imrudie.

"Wale wasichana hawakugonga," Jumman alisema. "Mimi nilikuwa hapa hapa. Waliambiwa anayegonga karatasi yake inafutwa. Wakakaa tu, Sain. Mia moja na themanini, kimya."

Sikandar alilia hapo, mbele ya mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, na sioni kwa nini nimfichie.

* * *

Kamati ilikaa Jumamosi kwenye chumba chenye kiyoyozi na mapazia mazito. Walikuwa watatu, na Junejo amekaa pembeni ya meza yao. Bakhtawar aliwekwa kwenye benchi la nje kwa saa mbili pamoja na watu waliokuja kuuliza pensheni zao, na alipoitwa hakuonyeshwa kiti. Walimuuliza ufunguo ulikuwa wapi. Akasema mfukoni. Wakamuuliza kwa nini hakufungua. Akasema aliogopa kazi yake. Mwenyekiti, bwana mmoja mnene mwenye sauti nzuri, alisema ameshukuru kwa ukweli huo na akaandika kitu. Kisha akamgeukia Sikandar, aliyeitwa naye aje na karatasi yake, akanyoosha mkono kwa ajili ya karatasi.

Sikandar aliitoa. Mwenyekiti aliisoma, akarudi juu akaisoma tena, akaisukuma mezani mpaka kwa Junejo. Maneno yaliyochapwa yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Chini yake Sikandar alikuwa ameandika kwa mwandiko wake kwamba ukumbi huu haufai watu kukaa ndani yake umeme ukikatika, kwamba ulikuwa na matundu ya upepo kwenye mchoro wa kwanza, kwamba aliyaziba yeye akijua, na kwamba kumbi tatu zinazofanana nao zisifunguliwe mpaka ukuta wa kusini magharibi utobolewe. Sahihi ilikuwepo. Muhuri nao ulikuwepo, umegongwa kwa nguvu hadi wino ukatapakaa.

"Hii siyo tuliyokuomba," Junejo alisema polepole.

Mwenyekiti aliuliza kama msanifu anafahamu kwamba mchoro wake haukuvunja kanuni hata moja ya ujenzi.

"Nafahamu. Kanuni inauliza kama nyumba itaanguka. Hakuna inayouliza watu watapumua nini. Hilo wameniachia mimi, ndiyo maana nina muhuri." Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Nilijua. Sikuhitaji kusomeshwa. Niliombwa nizibe, nikaziba."

Mwenyekiti alimkumbusha, bila ukali wowote, kwamba maneno hayo hayatamsaidia mkewe. Na kweli hayakumsaidia. Bakhtawar alihamishiwa shule moja upande wa Badin na akakatwa nusu mshahara kwa miezi sita. Muhuri wa Sikandar ulichukuliwa siku hiyo hiyo mpaka baraza la wasanifu litakapokaa, na baraza halina haraka. Junejo alipomkuta kwenye ngazi alimwambia amejichimbia kaburi mwenyewe, na kwamba alimwona kama ndugu. Huenda alisema kweli, maana macho yake yalikuwa mekundu.

Lakini kabla ya Jumatatu hakupatikana mtu wa kuandika kwamba ukumbi ni salama. Mitihani ikafanyika kwenye vibaraza vya jengo la zamani na chini ya maturubai. Wajomba walikuja, vikaratasi viliruka kama kila mwaka, magazeti yakapiga picha. Wasichana wote walirudi nyumbani.

* * *

Sikandar alikwenda kwa Kaneez, mama yake Afshan, siku ya kumi na mbili. Safari hii yeye alitangulia, na Bakhtawar akafuata nyuma. Ni mtaa wa bangili ule, ambako kila nyumba wanawake hukaa mbele ya ulimi mdogo wa moto wakiunga ncha za bangili moja moja. Moto huo haupendi kuchezewa. Upepo ukiupinda kidogo tu bangili inapasuka, kwa hiyo dirisha hufungwa, nyufa hujazwa vitambaa, na feni haiwashwi.

Kaneez alikuwa amesharudi kazini. Mbele yake kulikuwa na lundo la bangili nyekundu, kwa kuwa msimu wa harusi haumsubiri mtu. Aliwaonyesha mkeka kwa kidevu. Alimtazama Bakhtawar kwa muda, kisha akamsogezea mtungi wa maji na bilauri.

"Dirisha sitafungua," alisema. "Samahani, Sain. Moto hautaki."

Sikandar alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalimtoka yote. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyeuchora ule ukumbi.

"Najua. Jina lako liko kwenye kibao cha mlangoni. Mimi sijui kusoma, Afshan alinisomea siku ya ufunguzi." Aliunga bangili, akaiweka chini, akachukua nyingine. "Mimi nina miaka ishirini na mbili nimefunga dirisha hili. Kichwa kinaniuma, macho yamekwisha. Lakini sababu unaiona, hii hapa inawaka. Yule nilimpeleka shule asije akakaa kwenye chumba kama hiki. Sasa nataka unijibu, wewe ulifunga kwa sababu gani?"

Angeweza kutaja ofisi. Angeweza kumtaja Junejo, na asingekuwa anasema uongo. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakulifuta.

"Karatasi," alisema. "Tuliogopa vikaratasi vya majibu."

Kaneez alirudia neno hilo, karatasi, kama anayejaribu kitu kipya mdomoni. Mikono yake ilisimama. Bakhtawar alikuwa analia bila sauti, bilauri ya maji mkononi, hajainywa.

"Nasikia ziko kumbi nyingine," Kaneez alisema baadaye.

Ziko tatu, Sikandar alimwambia. Ya Kotri imesimamishwa. Ya Matiari mkandarasi ameshaanza kutoboa ukuta mwenyewe, na mzee Allahdino alipelekwa juzi kwa gari kuwaonyesha mafundi matundu yakae wapi. Ya tatu aliitaja huku akitazama mkeka.

"Ya Tando Allahyar amepatikana msanifu mwingine. Ametia sahihi juzi Jumanne. Itafunguliwa wiki ijayo."

"Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Huyo aliyetia sahihi."

"Latifabad. Nyumba yake naijua, tulisoma pamoja."

Kaneez aliinama akaupuliza moto, ukazima. Kulikuwa bado mchana na lundo la bangili halijafika nusu. Alizifunika kwa kanga kuukuu, akajifuta masizi vidoleni, akauchukua ushungi wake kwenye msumari na kujitanda taratibu mbele yao.

"Nipeleke," alisema.

Sikandar akainuka kutafuta viatu vyake. Bakhtawar alikuwa ameshasimama mlangoni, ameushika mlango wazi, anawangoja wapite.